Mwanafunzi wa Naismith aliyeupa mpira wa kikapu mbio

Mwaka 1979 Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, lililoko Springfield, Massachusetts, lilimwingiza John McLendon katika orodha yake. Halikumwingiza kama kocha. Lilimweka kwenye kundi la wachangiaji, pamoja na viongozi wa vyama, waandaaji wa mashindano na wengine walioutumikia mchezo kwa namna zao. Huyu ni mtu aliyetwaa ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, jambo ambalo hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amelifanya kabla yake. Ilibidi ifike 2016, miaka 17 baada ya kuzikwa, ndipo jumba lilipomwingiza tena, safari hii kwa kazi yake halisi.

Mimi siamini kwamba wakubwa wa Springfield walikosa takwimu. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika katika vyuo vya Weusi, ambako magazeti makubwa ya Marekani hayakutuma waandishi. McLendon alipoanza kufundisha mchezo wake wa mbio, kule Rhode Island kocha Frank Keaney naye alikuwa akikimbiza mpira, na sifa zake zikavuma hadi New York. Za McLendon zilisomwa katika magazeti ya Weusi, zikaishia humo.

Alizaliwa Hiawatha, jimbo la Kansas, tarehe 5 Aprili 1915. Mwaka 1933 aliingia Chuo Kikuu cha Kansas kusomea elimu ya viungo, na baba yake akamwagiza amtafute mzee mmoja pale chuoni awe mlezi wake wa masomo. Mzee huyo, aliyekuwa ameshapita miaka 70, alikuwa James Naismith, yuleyule aliyetundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi Desemba 1891 na kuanzisha mchezo wenyewe. Kijana akafika mlangoni, akajitambulisha, akasema baba ndiye aliyemtuma. Naismith hakubisha.

Kuichezea timu ya chuo hakuruhusiwa, kwa kuwa ni Mweusi. Hata bwawa la kuogelea lilikuwa mtihani. Kuogelea kulikuwa sharti la kuhitimu, kwa hiyo wakubwa wakaona njia rahisi ni kumpa alama bila kuingia majini. McLendon akakataa alama za bure, akajitosa. Alipotoka, bwawa zima likamwagwa maji. Aliendelea kudai haki hiyo mpaka wanafunzi Weusi wakaruhusiwa kuogelea, na mwaka 1936 akahitimu.

Alichokipata kwa Naismith kilikuwa cha thamani kuliko nafasi kwenye timu. Mzee hakuwa kocha wa ushindi. Hadi leo, kati ya makocha wote wa Kansas, ni yeye tu aliyepoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Aliuona mpira wa kikapu kama mchezo wa uwanja mzima: mpira ulipo ndipo mchezo ulipo, na ndipo wachezaji wanapotakiwa kuwa. Enzi hizo timu nyingi zilikuwa zikipoteza mpira zinarudi taratibu upande wao kusubiri wapinzani. McLendon aliona ni upuuzi. Kwa nini umsubiri mtu chini ya kikapu chako wakati unaweza kumbana kuanzia chini ya kikapu chake?

Baada ya shahada ya uzamili Iowa, mwaka 1937 alihamia Durham, North Carolina, kwenye chuo ambacho leo kinaitwa North Carolina Central. Mwaka 1940 akawa kocha mkuu. Vijana wake walikimbizwa mazoezini hadi pumzi ikawa ndiyo silaha yao ya kwanza. Mpinzani akikosa kikapu, anayedaka mpira ubaoni tayari anatafuta mtu wa kumpasia mbele, na wawili wengine wanachapa mbio pembeni mwa uwanja. Wakipoteza mpira, wanakaba hapohapo. Mwaka 1943 mmoja wao, Rocky Roberson, alifunga pointi 58 katika mchezo mmoja. Walishinda sana, lakini ubingwa wa taifa ulikuwa wa vyuo vya Weupe tu, na kule hawakualikwa.

Hapo ndipo tunafika Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944.

Mjini humohumo Durham kulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, cha Weupe. Shule yake ya udaktari, iliyojaa vijana waliokuwa wakisomeshwa na jeshi wakati wa vita, ilikuwa na timu yake, na ndani yake walikuwamo watu waliokwisha kung'ara vyuo vingine kabla ya kwenda kusomea udaktari. Wanafunzi wachache wa pande mbili walikuwa wakikutana kisirisiri kwenye vikao vya maombi vya YMCA. Huko maneno ya kutambiana yakaanza: nani bora mjini? McLendon akasema jibu linapatikana uwanjani.

Ilikuwa hatari ya kweli, si utani wa wanachuo. Miezi minne tu baadaye, hapo hapo Durham, dereva wa basi alimpiga risasi na kumuua askari Mweusi, Booker T. Spicely, kwa ugomvi wa kuhamia viti vya nyuma. Baraza la wazee wa mahakama, wote Weupe, likamwachia dereva huru. Timu mbili za rangi mbili kucheza pamoja katika jimbo lile kungeweza kuwagharimu watu kazi zao, au zaidi.

Wakachagua saa ambayo watu wengi wako kanisani, polisi wakiwamo. Vijana wa Duke walipanda magari ya kuazima, wakazunguka njia za mbali ili wasifuatwe, na walipofika wakajifunika makoti vichwani hadi ndani. McLendon akafunga mlango wa ukumbi. Watazamaji hawakuwapo, isipokuwa wanafunzi wachache waliosikia fununu wakaparamia madirisha kuchungulia. Mwandishi wa Carolina Times, gazeti la Weusi la mjini, alipata habari, akakubali asiandike.

Dakika za mwanzo pande zote mbili ziliharibu. Mikono ilitetemeka, pasi zikaenda ovyo. Wengi wao hawakuwahi kugusana na mtu wa rangi nyingine, achilia mbali kumkaba. Kisha wenyeji wakakumbuka walichofundishwa, wakaanza kukimbia. Madaktari wa kesho walikuwa wazuri, lakini hawakuwa wamewahi kukutana na kitu kama kile. Matokeo: 88 kwa 44.

Baada ya kupumzika wakacheza tena, safari hii wamechanganyika, upande mmoja wamevaa fulana, mwingine vifua wazi. Kisha wageni wakaenda bwenini kwa wenyeji, wakakaa na kuzungumza. Kwangu, mchezo huo wa pili ndio wa kushangaza zaidi. Wa kwanza ulivunja sheria za jimbo kwa ushindani. Wa pili ulizivunja kwa raha tu.

Hakuna aliyesema. McLendon aliendelea na kazi, na mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mashindano ya vyuo vya Weusi vya chama cha CIAA, ambayo yanachezwa hadi leo. Mwaka 1950 aliwapeleka vijana wawili Washington kujaribiwa na timu ya NBA: mchezaji wake Harold Hunter, na Earl Lloyd kutoka West Virginia State. Hunter aliachwa. Lloyd akabaki, na Oktoba mwaka huohuo akawa Mweusi wa kwanza kucheza NBA. Sam Jones, ambaye baadaye alitwaa mataji 10 na Boston Celtics, alianza chuo chini ya McLendon pale Durham.

Alipohamia Tennessee A&I, mjini Nashville, mwaka 1954, milango ilikuwa imeanza kufunguka kidogo. Chama cha vyuo vidogo, NAIA, kilianza kuvialika vyuo vya Weusi kwenye mashindano yake ya Kansas City. McLendon akaweka sharti: timu yake ilale hoteli za katikati ya mji kama timu nyingine zote, la sivyo haendi. Wakakubali. Akiwa na Dick Barnett, mfungaji mwenye mkono wa kushoto aliyekunja miguu nyuma kila aliporuka kupiga, akashinda mataji yale matatu. La 1957 lilikuwa la kwanza la taifa kwa chuo cha Weusi katika mashindano ya rangi zote.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Cleveland Pipers, timu aliyoichukua 1959, iliifunga katika mchezo wa kirafiki timu ya Olimpiki ya 1960, ile ya Oscar Robertson na Jerry West. Mwaka 1961 Pipers ikaingia ligi ya kulipwa ya ABL, naye akawa kocha mkuu Mweusi wa kwanza katika ligi ya aina hiyo. Hakudumu: aligombana na mmiliki, George Steinbrenner, juu ya mishahara ya wachezaji, akaondoka katikati ya msimu, na timu ikatwaa ubingwa bila yeye. Mwaka 1966 akachukua Cleveland State, kocha Mweusi wa kwanza katika chuo kikuu chenye Weupe wengi. Mwaka 1969 timu ya kulipwa ya Denver Rockets ilimpa michezo 28 tu, ikamtimua. Hakufundisha tena timu. Akafanya kazi na kampuni ya viatu ya Converse, akizunguka kuendesha mafunzo ya mchezo.

Habari za ile Jumapili zilitoka hadharani mwaka 1996, pale Scott Ellsworth alipoziandika katika jarida la New York Times, baada ya kumhoji McLendon na wachezaji wa pande zote mbili. Miaka 52 ilikuwa imepita. Baadhi ya wachezaji hao walikuwa wamestaafu udaktari, wengine ukocha. Floyd Brown, aliyekimbia mbio zile akiwa mwanafunzi, ndiye aliyekuja kumrithi McLendon pale Durham na kumlea Sam Jones kwa misimu iliyobaki.