Magurudumu matatu kwenye barabara ya Iga Barrière



Tangu tulipoanza kutengeneza ile trisikli ya mizigo katika kiwanja cha mwanachama wetu, swali moja linatufikia kila juma: kwa nini kuhangaika na chuma kizee wakati mpya za China zinauzwa? Wengine wanauliza kwa wema, wengine kwa kucheka. Tumeona afadhali kujibu kwa historia, maana mashine hii iko na historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri, na historia hiyo inatuhusu sisi tuliorudi.

Hapa kwetu mzigo ulianza kwenye shingo ya mtu. Dhahabu ilipatikana Kilo mwaka 1903, na machimbo yakafunguliwa mwaka 1905. Chakula, vyombo na vyuma vya machimbo vilitoka upande wa Ziwa Albert, Mahagi, vikapanda milima juu ya vichwa na mabega ya babu zetu, na si kwa kupenda. Baadaye watu hao hao walichimba barabara kwa mikono, ndipo kamyo zikaanza kupita. Lakini kamyo ni ya tajiri. Inataka daraja nzima, inataka mzigo wa kujaa, na haimsubiri mama mwenye magunia mawili ya maharagi. Kati ya kichwa cha mtu na kamyo kukabaki nafasi kubwa. Ndugu zetu wa Goma waliijaza kwa chukudu ya mbao. Sisi tulijaza kwa kinga, na baadaye kwa pikipiki, magunia matatu nyuma na dereva amekaa juu ya tangi.

Magurudumu matatu yalitungwa kwa ajili ya nafasi kama hiyo, na mara nyingi na watu waliokuwa katika shida. Kule Hiroshima, Japani, kampuni ya Toyo Kogyo iliyoanza kwa kutengeneza koki ilitoa kamyo ndogo ya magurudumu matatu mwaka 1931 na kuiita Mazda-Go: mbele kama pikipiki, nyuma sanduku la mizigo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki likaanguka juu ya mji huo. Kiwanda kilikuwa nyuma ya kilima, kwa hiyo hakikuisha chote. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule walikuwa wameanza tena kutengeneza kamyo za magurudumu matatu. Miezi minne! Sisi tuliorudi kwenye viwanja vyenye majani ya kufika kifuani tunaelewa miezi minne ni kitu gani.

Italia pia. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera kilikuwa kinatengeneza ndege, na vita vikakivunja. Baada ya vita watu hawakuwa na pesa ya kununua gari. Mhandisi Corradino D'Ascanio, mtu wa helikopta, akatunga Vespa mwaka 1946. Mwaka 1948 ikaja ndugu yake ya mizigo, yenye moteri ya sisi 125 na uwezo wa kubeba kilo 200. Waliipa jina Ape, maana yake nyuki. (Vespa ni nyigu. Nyigu anaruka kutembea, nyuki anafanya kazi.) Maduka mengi ya Italia yalisimama tena juu ya mgongo wa huyo nyuki. Leo kuna wazee kule wanaonunua Ape za miaka ya 1950 zilizooza, wanazitengeneza miaka miwili mitatu ndani ya gereji ya nyumbani, kisha wanazipeleka kwenye sikukuu. Hatuwacheki. Ila sisi ikitengenezeka, kesho yake inabeba mihogo.

Kutoka Italia ilifika India, ambako Bajaj walipewa ruhusa ya Piaggio, na ndiyo sababu ndugu zetu wa Tanzania wanaita trisikli ya abiria bajaji. Ya mizigo wao wanaiita guta au toyo. Na hapa Kongo tusisahau walemavu wa Kinshasa. Kwa miaka mingi walivuka mto mpaka Brazzaville na trisikli zao za mkono zilizochomelewa na mafundi wa mtaani, zimejaa bidhaa mpaka mwenyewe haonekani. Wapenda muziki wanawajua Staff Benda Bilili, waliopiga miziki wakiwa juu ya trisikli za namna hiyo. Kwa hiyo trisikli iliyofufuliwa kwa vipande vya huku na kule si jambo geni katika nchi hii.

Sasa tuongee juu ya yetu. Ni ya China, moteri ya sisi 150, sanduku la chuma nyuma. Mwenyewe ni mama mjane, mwanachama wetu, aliyeinunua pamoja na marehemu mume wake kabla ya Desemba 2017, wakati vita viliporudi Djugu. Kwa hesabu ya Italia ni mtoto. Kwa hesabu ya Ituri ni mzee aliyeona mengi: familia ilikimbilia Bunia, wengine walivuka ziwa mpaka Uganda, yenyewe ikabaki kwenye migomba. Waliporudi walikuta shasi na moteri tu. Hakuna sanduku, hakuna gurudumu hata moja, na panya walikuwa wamekula nyaya zote.

Fundi wetu hakuogopa moteri. Kuna sababu, na hiyo nayo ni historia. Moteri nyingi za trisikli hizi ni za ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliitunga kwa ajili ya nchi ambako mtu anaendesha pikipiki bila kuikagua, mafuta yamechafuka na mafundi hawana vyombo vingi. Wachina waliiiga, wakaikuza. Ndiyo maana piyesi zake zinapatikana hata kwenye meza za soko, na kijana aliyejifunza kwa pikipiki ya taksi anaweza kuifungua akiwa amekaa chini ya mwembe. Pistoni ilikuwa imeshikana na kutu. Hakuipiga nyundo. Alitoa buji, akamimina mafuta ya moteri kwenye tundu lake, akaiacha siku nne, halafu akaizungusha polepole kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka ikakubali. Karbirateri ilikuwa imejaa gundi ya esanse ya zamani. Aliizibua kwa uzi mmoja wa waya ya freni. Tangi alilitia changarawe na maji, akatupa watoto kazi ya kulitikisa. Walifurahi kuliko siku ya mpira.

Shasi ndiyo ilitupa mashaka. Ilikuwa na ufa pale mbele inaposhikana na mahali pa sanduku, na mafundi wanasema trisikli nyingi hupasukia hapo, hasa zile zinazobeba mbao ndefu zinazotokeza nyuma. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na kwenye kona unaanguka. Na barabara ya taifa namba 27 wakati wa mvua ni mistari miwili ya kamyo na tuta katikati: magurudumu ya nyuma yanataka mistari, la mbele linalazimika kutembea juu ya tuta. Kwa hiyo fundi aliweka bamba la chuma pande zote mbili za ufa, na tumekubaliana mbao ndefu hazipandi.

Lakini kazi ngumu haikuwa ya chuma. Sanduku lilikutwa kwa jirani ng'ambo ya bonde, limekuwa mlango wa jiko. Magurudumu mawili yalikuwa chini ya mkokoteni wa mtu mwingine. Wanachama wetu walikaa saa tatu. Vijana wakasema: hao ni wezi, warudishe, kama hawataki twende kwa polisi. Mzee mmoja akauliza polepole: «Basi tuandike liste. Lakini na wao wataandika yao. Mabati ya nani yako juu ya nyumba ya nani?» Watu wakanyamaza. Kila mmoja hapa anajua kuwa vitu vilitembea pande zote mbili.

Wazee wa pande mbili walikutana. Walipatana hivi: anayeleta kipande haulizwi alikipata wapi, na trisikli ikitembea, itambebea mzigo mara mbili mpaka sokoni bure. Sanduku lilirudi baada ya siku tano. Magurudumu yalichelewa, mmoja wao alitaka mara nne, wakabishana, akakubali mara tatu.

Ndani ya ofisi yetu hatukubaliani wote juu ya mapatano hayo. Wengine wanasema mjane alilipia mali yake mwenyewe mara ya pili, na kweli ndivyo ilivyo: zile safari za bure, esanse ni yake. Tulimwuliza. Alisema, «Wanangu, mimi nataka itembee. Mlango wa jiko haunilishi.» Sisi tunaona wazee walipatia kwa upande wa mashine. Kama njia hiyo inafaa kwa mashamba na nyumba, hilo ni neno lingine, na hatutaki mtu achukue mfano wa trisikli kwenda kudai au kukataa kiwanja cha mtu.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi, na mtusamehe kwa kusema wazi. Mpya ingefika haraka, na picha ingekuwa nzuri. Ingefika pia bila yule jirani kuwa na sababu ya kuvuka bonde. Siku hizi anavuka. Juzi alikuja kuangalia mlango wake wa zamani ukipakwa rangi, akamfundisha fundi mahali nati moja inapofungukia.

Moteri inawaka sasa. Gurudumu la mbele tulilinunua Bunia. Bado freni ya nyuma upande wa kushoto, bado nyaya za taa, na bado karatasi, kwa sababu zile za kwanza zilipotea njiani na namba ya shasi imeliwa nusu na kutu. Mwanachama mwenye nakala yoyote au picha ya zamani ya mashine hiyo ambamo namba inaonekana, tunaomba ailete ofisini kabla ya mkutano ujao.