Bagamoyo, bandari ya mchanga: pahali majahazi ya mbao yangali kazini

Mtu wa Kasongo, Kindu ao Kalemie akifika Bagamoyo mara ya kwanza, huuliza bandari yenyewe iko wapi. Hakuna ukuta wa simenti wa kufungia meli, hakuna mashine ya kunyanyua kontena. Kuna mchanga, kuna nyumba ya duane (kule wanaita forodha) yenye Wajerumani walijenga mwaka 1895, kuna soko la samaki pembeni, na mbele yake majahazi ya mbao, mengine yanaelea, mengine yamelala ubavu juu ya mchanga kama ng'ombe waliochoka. Hiyo njo bandari. Ilifanya kazi hivyo katika karne ya 19 na inaendelea hivyo hata leo.

Mji uko Tanzania, karibu kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ukitazamana na kisiwa cha Unguja. Sisi wa mashariki ya Congo tungepaswa kuujua kuliko tunavyoujua, kwa sababu barabara kubwa ya misafara yenye ilipita Ujiji, ng'ambo tu ya ziwa letu, iliishia pwani hii. Pembe za ndovu kutoka Maniema zilikusanywa Nyangwe na Kasongo, zikavushwa ziwa Tanganyika, kiisha zikabebwa kwa mabega zaidi ya kilomita 1,000 mpaka kwenye mchanga huu. Kutoka hapa jahazi ilizipeleka Zanzibar. Njiani kurudi, misafara ilileta kwetu nguo za merikani na kaniki, shanga, waya za shaba, bunduki, na pia lugha. Kiswahili tunachosema Maniema na Kivu kilipanda kwa barabara ile ile.

Na watu waliteremshwa. Inafaa kutofautisha hapa, maana mara nyingi mambo haya yanachanganywa. Wapagazi wengi, zaidi Wanyamwezi, walikuwa watu huru wenye kufanya kazi ya mshahara. Wengine walikuwa mateka, na kati yao wamo waliotoka upande wetu wa ziwa. Ndiyo maana jina la mji linaelezwa kwa njia mbili: wengine husema "bwaga moyo" ni neno la mtumwa anayeacha roho yake nyuma kabla ya kuvuka bahari, wengine husema ni neno la mpagazi anayetua mzigo na kupumua. Maelezo ya pili yanafanana zaidi na mji wenye uliishi kwa kazi ya wapagazi. Lakini ya kwanza haiwezi kutupwa hivi hivi: wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, walikomboa watumwa na kuwapa kijiji karibu na misioni. Misioni ile ingali iko, na ndani yake kuna jumba la makumbusho.

Ni kwenye misioni hiyo mwili wa David Livingstone ulifikishwa mwezi wa pili mwaka 1874, umebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka ndani ya bara. Mwaka huo huo, mwezi wa 11, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wake, akafika Nyangwe mwaka 1876, akasindikizwa sehemu ya njia na Tippu Tip, akatokea Boma mwezi wa 8 mwaka 1877. Safari yenye ilifungulia Leopold II mlango wa kuingia Congo ilianzia pwani hii ya mchanga. Watu wengi walioondoka naye walifia njiani.

Sasa, kwa nini majahazi yamebaki hapa wakati miji mingine imeyasahau? Jibu ni maji mafupi. Bahari ya Bagamoyo haina kina karibu na pwani. Meli kubwa za chuma zilipokuja, zilipaswa kusimama mbali, na Wajerumani wakaona taabu hiyo. Mwaka 1891 walihamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam, yenye ghuba ya kina kirefu. Kiisha reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914, ikifuata karibu njia ile ya misafara, na mpagazi akakosa kazi. Bagamoyo ikalala. Mzigo wa Congo leo unapita Dar es Salaam ndani ya kontena. Lakini chombo cha mbao hakiogopi maji mafupi, kinayahitaji.

Hapa mtu wa ziwa anahitaji maelezo kidogo, kwa sababu Tanganyika na Kivu hazina jambo hili. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu ao mwandamo, tofauti ya maji inapita mita 3. Nahodha anasogeza jahazi wakati maji yamejaa, anatia nanga, anangoja. Maji yanakimbia, jahazi inakaa juu ya mchanga, na fundi anaweza kutembea chini yake kwa miguu, akaangalia mbao, akaziba pahali panapovuja. Bila kina, bila kreni, bila kulipia kizimba cha matengenezo. Maji yakirudi, chombo kinaelea tena.

Mizigo nayo inashushwa kwa mwili. Wabebaji wanaingia majini mpaka kiuno, hata kifua, na gunia juu ya bega ao kichwa, wanatoka, wanarudi. Ni kazi ngumu na haina umri mrefu; goti na mgongo vinachoka mapema. Wageni wanapenda kuipiga picha. Omba ruhusa kwanza, mtu hakuja kazini kuwa pambo, na kwenye majengo ya duane uliza mara mbili.

Vyombo si vya aina moja. Jahazi ni kubwa, ya mizigo, na nyuma yake imekatwa wima. Mashua ni dogo lake, linatumika kwa uvuvi na kwa mizigo midogo. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye mbao mbili za pembeni za kulizuia lisipinduke. Vyote vinatumia tanga la pembe tatu, linaloning'inia kwenye mti mrefu wa mshazari unaoitwa foromali. Siku hizi vingi viko na moteri pia, lakini mazuti ni feza, na upepo ukiwa mzuri moteri inazimwa.

Mafundi hawatumii ramani ya karatasi. Wanaanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, kiisha wanapanga mataruma, mbavu za chombo, kwa kutafuta miti iliyopinda yenyewe porini. Tezo inachonga, keekee inatoboa. Kati ya mbao na mbao wanasindilia pamba iliyolowa mafuta, kazi inayoitwa kukalafati, na tumbo la chini linapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitafune mti. Mbao nzuri ndiyo shida kubwa leo: miti mikubwa imepungua na bei imepanda.

Upepo njo saa ya bandari. Karibu mwezi wa 4 mpaka wa 10 inavuma kusi, inayosukuma vyombo kuelekea Zanzibar. Kaskazi inafuata mpaka mwezi wa 3 na kuwarudisha. Asubuhi mapema, umande, upepo wa nchi kavu, unatoa wavuvi nje. Mchana upepo wa bahari unawarudisha.

Kuhusu bandari kubwa: mwaka 2013 Tanzania na China walitia sahihi mpango wa kujenga bandari ya kisasa Mbegani, kusini kidogo ya mji. Mwaka 2019 Rais Magufuli alikataa masharti yake wazi wazi, na mwaka 2021 Rais Samia alitangaza mazungumzo kuanza tena. Wenye majahazi wanaiangalia habari hiyo kwa masikio mawili, maana bandari ya kina inaweza kuleta kazi kwa watoto wao na kufuta kazi yao wenyewe.

Anayetaka kutembelea achukue basi ndogo kutoka Dar es Salaam, aulize wenyeji saa za maji kabla ya kuondoka, na afike maji yanapoanza kujaa. Asikubali kupanda jahazi ya mizigo kwenda Zanzibar. Sisi wa maziwa tunajua chombo kilichopakiwa kupita kiasi kinafanya nini, na boti za abiria ziko Dar es Salaam. Salamu kwa wazee kule ni shikamoo, si jambo. Samaki wanauzwa kwa mnada wavuvi wakirudi, na wamama wanawakaanga hapo hapo pembeni ya soko.