Feni ya Motokaa na Nambari Zake Mbili

Chukua kalamu na karatasi, kwa maana leo tutaandika nambari.

Jambo letu la leo ni dogo kwa umbo, lakini si dogo kwa kazi. Ni swichi ya joto, ile inayowasha feni ya umeme katika baadhi ya motokaa. Ukiishika utaona kitu cha shaba kinachoenea kiganjani, chenye hesi ya kukazia. Mara nyingi kimepigwa chapa ya nambari mbili, kwa mfano 92–87. Watu wengi huziona wasijue zinasema nini. Kabla ya kuzisoma, na tuulize: zilitoka wapi?

Injini ya petroli huchoma mafuta ndani yake, na moto ule hukipasha chuma. Maji huzunguka ndani ya injini ili kuchukua joto. Mwaka 1886, Karl Benz wa Ujerumani alipotengeneza gari lake, maji yaliachwa yachemke na kutoka kama mvuke, na dereva alipaswa kuongeza mengine njiani. Mwishoni mwa mwaka 1900, Wilhelm Maybach, naye Mjerumani, alimaliza motokaa iliyoitwa Mercedes. Rejeta yake ilikuwa na vijibomba 8,070, mfano wa sega la nyuki. Upepo ulipita humo ukayapoza maji, na nyuma yake palikuwa na feni ya kuuvuta upepo huo.

Kwa miaka mingi baadaye, feni ilizungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Hebu itazame kasoro yake. Gari likienda mbio, upepo wa njiani watosha, lakini feni huzunguka kwa nguvu na kula petroli bure. Gari likisimama katika msongamano, upepo hakuna, na feni nayo huzunguka polepole. Ni kama mtumishi anayefanya kazi sana siku isiyo na kazi, na kulegea siku ya kazi.

Mwaka 1959 palitokea Uingereza gari dogo liitwalo Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis. Injini yake ililazwa kukingama, yaani kutoka upande mmoja wa gari hadi upande wa pili. Sasa mkanda haukuweza kufikia feni iliyoelekea mbele, basi rejeta ikawekwa ubavuni. Mwaka 1969 kampuni ya Fiat ya Italia ilitoa gari la Fiat 128, kazi ya mhandisi Dante Giacosa. Injini yake pia ilikingama, lakini rejeta ilibaki mbele, penye upepo, na feni ikapewa mota yake ya umeme. Magari mengi ya dunia yakafuata mtindo huo.

Lakini mota ya umeme haijui kama maji ni ya moto au baridi. Ni lazima iambiwe. Hapo ndipo swichi yetu ilipohitajika, na siri yake ni ya kale kuliko motokaa. Mwingereza John Harrison, fundi wa saa, aliunganisha ukanda wa shaba na ukanda wa feleji, yaani chuma cha pua, katika saa yake ya tatu ya baharini iliyokamilika mwaka 1759. Shaba ikipata joto hutanuka kuliko feleji, kwa hiyo ukanda ule hujipinda. Ndani ya swichi nyingi za feni mna kisahani cha namna hiyo. Kikipata moto hujipinda kwa ghafla na kuunganisha umeme. Kikipoa hurudi na kuukata.

Sasa tuzisome nambari. 92 maana yake ni kuwa feni itawaka maji yakifika digrii 92. 87 maana yake itazimika yakishuka hadi digrii 87. Kwa nini mbili? Kama ingekuwa moja tu, feni ingewaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, mpaka swichi ikaungua.

Ukitaka kununua swichi mpya, kwanza soma nambari za ile ya zamani, au kitabu cha gari. Kama hakuna, tafuta nambari ya thamostati. Hiki ni kilango kidogo kinachofungua njia ya maji ya moto kwenda kwenye rejeta. Tuseme kinafunguka kwa digrii 82, na swichi imewekwa pale maji ya moto yanapoingia katika rejeta. Swichi ya 92–87 itafaa, kwa kuwa nambari zote mbili ni kubwa kuliko 82.

Lakini tuseme thamostati ni ya 88. Maji yanayotoka kwenye injini hayatashuka chini ya 88, na swichi inangoja 87. Feni haitazimika! Digrii moja tu imeleta hasara. Na ukichukua swichi ya nambari kubwa mno, feni itachelewa, maji yatachemka, na kichwa cha injini kitapindika au kupasuka. Hasara hiyo yaweza kupita thamani ya gari kuukuu.

Angalia pia mahali swichi ilipo. Ikiwa chini, pale maji yanapotoka katika rejeta yakiwa yamepoa, nambari zake huwa ndogo zaidi.

Na tahadhari moja: katika magari mengine feni yaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa. Usitie vidole.

Ndugu yangu, dukani muuzaji aweza kukuambia, “Zote ni sawa tu.” Usibishane naye. Igeuze swichi, soma chapa yake. Aliyejua kusoma nambari mbili ameiokoa injini.

Maswali ya kujibu:
1. Feni ya mkanda ilikuwa na kasoro gani gari liliposimama?
2. Swichi imeandikwa 95–90. Feni itawaka lini, na itazimika lini?
3. Thamostati ni ya 88. Kati ya swichi ya 92–87 na ya 97–92, ipi itafaa mahali maji ya moto yanapoingia?

Kwa heri mpaka somo lijalo.