Waya uliokuwa dhahabu, na kwa nini bangili yako inafubaa

Ukifika Ujiji utapelekwa moja kwa moja kwenye mnara wa kumbukumbu na kusimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Sawa, tumeshasikia. Mimi katika habari ya Stanley kinachonivutia zaidi ni mizigo yake.

Kabla ya kuanza safari, jamaa aliwauliza wafanyabiashara wa Zanzibar bara wanapokea nini. Jibu aliloandika kitabuni ni kwamba shanga ni kama senti za shaba, nguo ni kama sarafu za fedha, na waya, ukishavuka Ziwa Tanganyika, ni kama dhahabu. Basi akanunua waya wa shaba ya njano, namba 5 na 6, mnene karibu kama waya wa telegrafu. Ukapanda mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo.

Waya huo uliitwa masango. Mafundi wa bara waliuzungusha ukawa vitindi, yaani bangili nzito za msokoto zinazopanda mkononi. Burton, aliyefika Ujiji na Speke Februari 1858, naye alivitaja. Upande wa pili wa ziwa kulikuwa na shaba nyekundu ya Katanga. Kwa hiyo Ujiji shaba ilikuja kutoka pande zote mbili.

Sasa fikiria hili. Dhahabu halisi inathaminiwa kwa sababu haibadiliki. Hii "dhahabu" ya ng'ambo ya Tanganyika ilikuwa inafubaa! Shaba ikikutana na hewa, unyevu na jasho, uso wake unageuka kahawia, kisha mweusi, na ikizidi unaota ukijani. Utajiri wa namna hiyo ukiufungia sandukuni unaupoteza sura. Ukiuvaa kila siku, ngozi na nguo vinausugua. Shanga za sofi zilizotumika kama chenji sokoni Ujiji hazikuwa na tabu hiyo, maana kioo hakifubai.

Na tusijidanganye kwamba mng'aro ule ulikuwa safi. Njia iliyoleta waya Ujiji ndiyo iliyorudi pwani na pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa.

Turudi kwenye mkono wako. Hereni na bangili nyingi tunazonunua Kariakoo kama "dhahabu" ni shaba iliyochovywa tu. Utando wa juu ukiisha, jasho linakutana na shaba na dada analalamika kuwa ana mstari wa kijani mkononi. Si uchawi wala si ugonjwa. Vua kabla ya kuoga, jipulizie manukato kwanza ndipo uvae, futa jasho kwa kitambaa kikavu, kisha weka kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri. Za kuchovya usizisugue sana, utamaliza kilichobaki.

Shaba tupu ni rahisi. Kata ndimu, nyunyiza chumvi, paka taratibu. Asidi ya ndimu inayeyusha ule weusi na chumvi inaisaidia. Ukipata chumvi ya Uvinza ni vizuri zaidi, kwa ajili ya historia tu: watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na iliuzwa Ujiji kabla Stanley hajazaliwa. Lakini suuza sana na ukaushe kabisa. Chumvi ikibaki kwenye mikunjo, ukijani utarudi, tena kwa kasi.

Fedha ina adui mwingine, salfa, ambayo imo hewani na hata kwenye mayai. Tandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, weka pete iguse hiyo alumini, mwaga maji ya moto na magadi ya kuokea. Salfa inahamia kwenye alumini na fedha yako inabaki bila kukwanguliwa. Yenye vito au gundi usiifanyie hivyo.

Ila vitu vya zamani, jamani, acheni! Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa vitani, walitengeneza Tabora sarafu za heller 20 za shaba. Bado zinapatikana mikononi mwa watu, na wauzaji huzisugua mpaka ziwaka kama kijiko kipya wakidhani wanapandisha bei. Mkusanyaji wa sarafu akiona hivyo anaondoka. Ule weusi ndio unaomwambia kitu kina umri gani. Kitindi nacho ni hivyo hivyo. Kifute vumbi kwa kitambaa laini, basi.

Kuna mabibi wa Kigoma, Ujiji na Kasulu ambao huenda bado wana vitindi kwenye masanduku, chini ya khanga za harusi. Wajukuu, kabla hamjachukua ndimu, muulizeni bibi kwanza alikipata kwa nani. Mkishaandika majibu, nitafurahi sana kuyasoma.