Nani Alimlipia Rubani?

Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti, mashariki mwa Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Gharama zilikuwa za nchi wanachama. Kijana aliyechaguliwa hakuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi.

Wanaoikumbuka Soroti huiita zama za bure. Neno hilo linatupoteza. Aliyelipiwa alikuwa na deni, ila deni lenyewe halikuwa la shilingi. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walilionja Oktoba 1966, walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia. Anayelipa ada ndiye anayeweza kukwambia kafungashe. Kwenye siasa uwezo huo unatisha. Kwenye urubani una kazi yake, maana wapo watu wenye akili nzuri tu ambao mikono yao haikuumbiwa ndege, na lazima awepo mtu wa kuwaambia mapema, asiyeogopa kupoteza mteja.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya wakaanzisha lao Januari, sisi letu Machi, na Soroti ikabaki Uganda. Tukawa na shirika la ndege, shule hatuna. Miaka ya 1990 ikaja lugha ya kuchangia gharama za elimu. Mwaka 2002 asilimia 49 ya Air Tanzania ikauzwa kwa South African Airways, 2006 tukainunua tena, na shirika linalohema namna hiyo halina pumzi ya kulea marubani wachanga. Mzigo ukahamia kwenye familia: kijana akaenda Nairobi kwenye shule za uwanja wa Wilson, au Afrika Kusini, kwa pesa ya nyumbani.

Hapa Mwembesongo nimewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo hesabu hiyo ikipigwa. Kiwanja cha Kihonda kiuzwe, mjomba aongeze, shangazi akope kikoba. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Sasa akishindwa, watatuambia lini?" Hakuna aliyemjibu. Tukarudi kwenye bei ya kiwanja.

Mzee alikuwa amegusa penyewe. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 ukisoma kwenye kozi iliyoidhinishwa. Saa hizo zinauzwa. Shule inayoishi kwa kuuza saa ina sababu nyingi za kumwambia mwanafunzi aongeze kidogo, na sababu chache za kumwambia aache. Waliopita shule za udereva za mitaani wanaijua sauti hiyo: "uko vizuri, uko vizuri," na gari limezima mara tatu. Ni kweli kwamba leseni ya urubani haitolewi na muuzaji, mwenye neno la mwisho ni mamlaka ya anga. Lakini mtahini anakuona siku moja. Mkufunzi amekuona miezi. Tena kuna upande wa mwanafunzi mwenyewe, ambao hausemwi sana: pesa ikianza kukata, anakimbilia mtihani kabla hajaiva, kwa kuwa kila zoezi la kurudia ni mbuzi mwingine wa mama.

Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Ilikuwa Bombardier Q400, aina ileile tuliyoipokea kwa vigelegele Dar es Salaam mwaka 2016. Mwendo ulishuka hadi mitambo ikaonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Nahodha akavuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Huko nyuma alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka, na alipitia programu ambayo rubani hulipia mwenyewe kukaa kiti cha msaidizi. Wachunguzi hawakusema malipo ndiyo yaliyoangusha ndege, nami sisemi. Nasema tu kwamba katika safari yake yote hakuna aliyemsimamisha. Wamarekani wakajibu kwa kudai saa 1,500 kwa rubani msaidizi, sheria iliyoanza 2013. Kwa maoni yangu walitibu pasipouma: wakaongeza bidhaa ileile inayouzwa.

Lakini mwajiri naye si malaika. Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala, Cameroon, wakafa wote 114. Nahodha alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Ripoti ilieleza nahodha aliyepotewa na mwelekeo gizani na ushirikiano dhaifu kati ya wawili hao. Huyo nahodha hakuwa mteja wa mtu. Alikuwa mwajiriwa wa shirika lililokuwa na kila haki ya kumrudisha darasani.

Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, kimejengewa uwezo wa kufundisha marubani kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ni habari njema. Vijana wengine hawatalazimika kuvuka mpaka. Ada ikipangwa watu watalalamika, kama kawaida yetu. Mimi nitakachouliza ni kile cha mzee wa Mwembesongo: katika darasa la kwanza, wangapi waliambiwa hapana, na waliambiwa wakiwa wamefikisha saa ngapi?