Diski Ngumu ya Kompyuta Mpakato Ndogo: Kuchunguza Hitilafu

Kuchunguza diski ngumu, ambayo mafundi wengi huiita hadi diski, ni kubaini kama kifaa kinachotunza mfumo endeshi na mafaili ya mwenye mashine kimekufa kweli, kinaelekea kufa, au ni kizima ila kimezuiwa na kitu kingine: kebo, umeme, RAM au mpangilio wa BIOS. Kwenye kioo hali hizo zote zinaweza kufanana. Ndiyo sababu diski nzima hutupwa, na diski mahututi hupigwa fomati, ikawekwa Windows upya na kurudishwa kwa mwenyewe kana kwamba imepona. Mpangilio wa hatua una uzito kuliko programu inayotumika, kwa kuwa diski yenye ubovu wa ndani huzidi kuumia kadiri inavyozunguka.

Laptopu ndogo zinazozungumziwa hapa zilishika kasi mwaka 2007, Asus ilipotoa Eee PC 701 yenye kioo cha inchi 7 na hifadhi ya chipu ya GB 4 iliyolehemewa kwenye madabodi. Mwaka uliofuata Acer ikatoa Aspire One, ambayo baadhi ya matoleo yake yalikuwa na diski ya sahani ya GB 120 au 160. Nyingi zilifika Afrika Mashariki zikiwa mitumba. Mashine hizi kwa kawaida hazina sehemu ya kuwekea CD, hivyo uchunguzi wake hutegemea flashi iliyopakiwa Linux ya kuwashia mashine bila kugusa diski iliyomo.

Diski ya sahani ya laptopu ina upana wa inchi 2.5, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanometa chache tu, na sahani zenyewe mara nyingi ni za kioo zilizopakwa tabaka la sumaku. Laptopu ikidondoka kutoka kitandani huku inafanya kazi, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Vumbi la mkwaruzo huo husambaa ndani na kukwaruza kwingine.

Uchunguzi huanza na masikio. Fundi huwasha mashine mahali patulivu, akaweka sikio karibu na kona ilipo diski, kwa kawaida chini ya kiganja cha mtumiaji. Diski nzima hutoa mvumo unaopanda kisha ukatulia, ukifuatwa na mikwaruzo hafifu ya kichwa kinapotafuta data. Ugongaji wa kujirudia kwa mapigo yaliyo sawa, tak, tak, tak, kisha kimya, humaanisha kichwa hakioni alama za mwongozo zilizoandikwa kwenye sahani, kinarudi mwanzo na kujaribu tena. Mlio mwembamba kama wa mbu bila mvumo wowote mara nyingi ni mota iliyokwama, au vichwa vilivyoganda juu ya sahani. Kimya kabisa huelekeza kwenye umeme au bodi ndogo ya diski. Ukisikia yale mapigo ya tak, tak, zima mashine hapohapo, maana hakuna programu inayotibu kichwa kilichovunjika.

Pasipokuwa na sauti mbaya, hatua inayofuata ni BIOS. Diski ikionekana humo kwa jina na ukubwa wake sahihi, bodi yake inazungumza na mashine. Isipoonekana, bado usiihukumu. Kwanza tazama tarehe. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya madabodi, ambayo mara nyingi ni CR2032, imekwisha, na mipangilio yote imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapo mashine inaweza kutafuta mfumo endeshi mahali pengine, au hali ya mawasiliano na diski ikawa imegeuzwa kutoka AHCI kuwa IDE. Windows iliyowekwa chini ya AHCI huanza kuwaka kisha ikaanguka kwa kioo cha buluu chenye namba 0x7B. Kwa mtazamaji diski imekufa, kumbe betri ya bei ya soda ndiyo iliyohitajika. Mashine za HP hutoa namba zao wenyewe: 3F0 ni kwamba diski ya kuwashia haijapatikana, na 301 ni onyo la diski yenyewe kwamba inakaribia kufa. Hizo ni hukumu mbili tofauti, na ya kwanza inaweza kusababishwa na kiunganishi kilicholegea tu.

Viunganishi vinastahili uangalifu mkubwa. Kiunganishi cha SATA kina pini 7 za data na 15 za umeme, na katika laptopu ndogo diski huchomekwa moja kwa moja kwenye madabodi au kupitia utepe mwembamba. Utepe hukunjika, pini hushika kutu, hasa kwenye miji ya pwani yenye hewa ya chumvi. Zima, toa chaja na betri, fungua skrubu, chomoa diski, safisha pini kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, rudisha. Kisha fanya jaribio la kubadilishana: diski inayoshukiwa ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, na diski iliyo nzima iwekwe kwenye laptopu ile. Diski nzima nayo ikikataa, ugonjwa uko kwenye utepe au madabodi.

Jaribio hilo lina mtego wake. Wengi hutumia kava la USB, na mlango wa USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu kwa kanuni, wakati diski ya inchi 2.5 inaweza kuhitaji zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Diski isiyopata umeme wa kutosha hugonga na kuzima, dalili ileile ya kichwa kibovu. Kabla ya kutangaza msiba, tumia kebo yenye vichwa viwili vya USB au mlango wenye nguvu zaidi.

Diski ikishatambulika, huulizwa kumbukumbu zake za SMART, yaani takwimu inazojiwekea yenyewe. Programu ya smartctl kwenye Linux na CrystalDiskInfo kwenye Windows huzisoma kwa sekunde chache bila kuichosha. Namba 5 huhesabu sekta zilizohamishwa baada ya kuharibika, 197 zile zinazosubiri uamuzi, 198 zilizoshindikana kabisa. Namba 199 ni ya peke yake: inapopanda, makosa yanatokea njiani, na utepe ndio wa kutazamwa kwanza. Mashine inayoganda kwa sekunde nyingi huku taa ya diski imewaka mfululizo mara nyingi ina hesabu kubwa kwenye 197, kwa sababu diski inarudia kuisoma sekta moja mara kwa mara kabla ya kukata tamaa.

SMART ikisema mbaya, iamini. Ikisema nzuri, usilale. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 na kuonyesha kuwa zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote katika viashiria vinne vikali vya SMART. Uchunguzi huohuo uliona kwamba diski iliyopata kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko zisizo na kosa hilo.

Baada ya SMART huja kishawishi cha kuendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, au kipimo kirefu cha uso mzima. Kama kuna picha za marehemu, hesabu za duka au tasnifu isiyo na nakala, vipimo hivyo visubiri. chkdsk yenye amri ya kurekebisha huandika juu ya diski na inaweza kuvuruga orodha ya mafaili ambayo yangeweza kuokolewa. Nakili kwanza, kwa GNU ddrescue, inayochota sehemu nzima kwa haraka, ikaruka zilizo mbovu na kuzirudia mwishoni, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofikia. Upimaji na urekebishaji hufanywa baadaye. TestDisk, kwa mfano, hutafuta partisheni zilizopotea kwenye nakala hiyo.

Kuweka diski kwenye friza ni ushauri unaozunguka sana, na unadhuru: unyevu hujikusanya juu ya sahani inapopata joto. Kuifungua mezani nako huingiza chembe zinazozidi mara nyingi ile nafasi ya nanometa chache. Vichwa hubadilishwa kwenye maabara yenye hewa iliyochujwa, kwa vipuri vya diski ya aina ileile.

Hifadhi ya chipu hufa kimyakimya. SSD inaweza kutoweka BIOS asubuhi moja bila onyo, au ikakubali kusomwa na kukataa kuandikwa. Ikifanya hivyo, nakili mara moja. Katika laptopu ndogo zenye hifadhi ya chipu ya eMMC ya GB 32, uzito unaodhaniwa kuwa ubovu mara nyingi ni nafasi iliyojaa masasisho ya Windows, na ikifa kweli haichomolewi, kwa kuwa imelehemewa. Kwa diski ya SATA, pima unene kabla ya kununua nyingine: nyumba iliyotengenezewa milimita 7 haipokei diski ya milimita 9.5, lakini iliyo nyembamba hukaa kwenye nyumba nene kwa kuongezewa fremu.