Mabwana Shamba na Maarifa ya Wazee Wetu

Wako wadhanio ya kuwa kilimo chema kililetwa kwetu na wageni, na kwamba wazee wetu walikuwa wakikwaruza ardhi tu. Natuyatazame mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alifika kwa Wanyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa, akaisifu sana nchi yao na migomba yake. Wakati huo hapakuwa na Bwana Shamba hata mmoja. Wanaume walilima matuta, wakifukia majani yapate kuoza. Samadi na majivu vilitiwa migombani.

Hata Waingereza waliposhika nchi, mabwana shamba wengi walikidharau kilimo cha wenyeji, wakaamuru kabla ya kuuliza. Lakini si maafisa wote waliokuwa hivyo. Upande wa mashariki wa ziwa letu, milimani Umatengo, watu hulima mashimo yaitwayo ngolo: majani hukatwa, hupangwa miraba, hufukiwa, na maji ya mvua hutuama shimoni, yasichukue udongo. Mwaka 1938 afisa A. H. Pike aliandika habari zake, akionyesha jinsi Wamatengo wanavyohifadhi ardhi. Yeye alitazama kwanza.

Uluguru mambo yalikwenda vingine. Tangu mwaka 1950 watu waliamriwa kuchonga milima kwa ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo wa chini usio na rutuba ukatokea juu. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Hofu ya mabwana wale juu ya mmomonyoko haikuwa ya bure. Ila waliagiza dawa bila kumwuliza mgonjwa.

Sasa upepo umegeuka. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo hai, na sehemu ya kakao ya Kyela huuzwa kwa cheti cha kilimo hicho.

Walakini tusijivune. Watu wamezidi, mashamba hayapumziki kama zamani, na si kila desturi ya kale yatosha. Basi Bwana Shamba na aulize kabla ya kuagiza. Nasi tumjibu kwa kweli, tukimwonyesha hata shamba lililochoka, si lile zuri tu. Ardhi hii tumepewa tuilime na kuitunza, na wajukuu wetu hawatakuwa na nyingine.